Vidole Vitatu Juu ya Mshipa

Hospitali mpya inapofunguliwa kwetu, mashine ndiyo inayopigwa picha. Mgeni rasmi husimama mbele yake, utepe hukatwa, mkurugenzi hueleza uwezo wake na nchi ilikotoka, na kesho yake gazeti huandika kwamba wananchi hawatavuka tena bahari kufuata kipimo. Sina ugomvi na mashine. Anayejua maana ya kumpakia mgonjwa kwenye boti pale Mkoani kwenda Unguja, bahari imechafuka, hawezi kuidharau. Lakini nikiwa ndani ya chumba cha picha, jicho langu halikai kwenye mashine. Humwendea yule aliyesimama ubavuni mwa kitanda, ambaye amekwisha kuiweka sindano kando, na sasa vidole vyake vitatu viko juu ya kifundo cha mkono wa mgonjwa, upande wa dole gumba. Anatazama saa ya ukutani. Midomo inahesabu bila sauti. Huyo ndiye fundi wa makala hii.

Anaweza kuwa muuguzi, mtaalamu wa mionzi au daktari, cheo hakinishughulishi. Kazi yake ni kuingiza katika damu ya mtu kitu ambacho damu haikukizoea, kisha kukaa naye mpaka mwili umalizane nacho.

Kitu chenyewe ni dawa ya picha. Eksirei huona mfupa kwa sababu chokaa ya mfupa huzuia mionzi. Figo, ini, mirija ya mkojo na mishipa ya damu havizuii cha maana. Kwenye filamu vyote ni kivuli kimoja. Ili vionekane lazima kipite ndani yake kitu kizito, na kilichokubalika baada ya majaribio mengi ni iodini, madini joto yale yale yanayotiwa kwenye chumvi ya jikoni kuzuia uvimbe wa tezi ya shingo. Mwaka 1929 daktari kijana wa Kimarekani, Moses Swick, akiwa Berlin, alionyesha kwamba dawa yenye iodini ikichomwa kwenye mshipa wa mkono huzunguka na damu, huchujwa na figo, na njia nzima ya mkojo ikatokea kwenye filamu. Mwaka huo huo, katika mji wa Eberswalde usio mbali na Berlin, Werner Forssmann alijipitishia mwenyewe mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, kisha akaenda kwa miguu yake mpaka chumba cha eksirei kuthibitisha umefika. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Ujasiri wa namna hiyo nauheshimu kwa mbali. Ufundi ninaousifu hapa ni wa mtu asiyependa ajabu yoyote itokee mbele yake.

Kwa sababu mwili hauipokei dawa hiyo kimya kimya. Mzunguko wa damu una wasimamizi wake, nao huamka mara moja.

Kuta za mishipa midogo inayosambaza damu zina misuli, na misuli hiyo huendeshwa na neva. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Mfaransa Claude Bernard alikata neva moja shingoni mwa sungura, na sikio la upande huo likawa jekundu na la moto. Neva hiyo ilipochochewa kwa umeme, sikio likapauka na kupoa. Kumbe mishipa ilikuwa ikishikwa saa zote, na alipoukata mkono unaoishika, ikaachia. Presha ya damu inategemea mshiko huo. Mtu yeyote anayekaa mtaa wa mlimani Chake Chake anaijua hali hii kwa maji ya bomba: watu wa bondeni wakifungua mifereji yote kwa pamoja, wa juu hapati tone, ingawa maji hayakupungua. Damu ni ile ile. Ikiwa mishipa yote itafunguka wakati mmoja, ubongo ndio nyumba ya mlimani.

Ili jambo hilo lisitokee, vipo vipimo viwili vya presha ambavyo hakuna aliyevifunga. Kimoja kiko shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika chini ya taya. Kingine kiko kwenye upinde wa mshipa mkuu unapotoka moyoni. Habari kutoka hapo huenda kwenye shina la ubongo kwa kila pigo, na jawabu hurudi kwa njia mbili. Neva ya vegasi hutuliza moyo. Neva za simpathetiki huuhimiza moyo na kuibana mishipa. Muislamu anayesali hulijaribu jambo hili kila siku bila kulifikiria: anapoinuka kutoka kwenye sijda mpaka kusimama, damu nyingi huelekea miguuni, presha ya shingoni hushuka, na kabla hajaanza kusoma mishipa ya miguu imekwisha kujibana na moyo umeongeza kasi. Mzee anayemeza vidonge vya presha anajua kinachotokea neva zikichelewa. Hushika ukuta.

Amri hizo zina nguvu kuliko tunavyodhani. Mzamiaji wa Kojani anapotia uso majini na kuziba pumzi, neva za uso hupeleka habari, vegasi huupunguza mwendo wa moyo, na wakati huo huo mishipa ya mikono na miguu hubana ili hewa iliyomo kwenye damu iwekewe moyo na ubongo. Bandama nayo hujikaza na kumwaga chembe nyekundu ilizoziweka akiba. Mwaka 2018 Melissa Ilardo na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya Wabajau wa Indonesia, watu walioishi kwa kuzamia vizazi kwa vizazi, wakaeleza kwamba bandama zao zimezidi za jirani zao wasiozamia kwa karibu nusu. Anayetafuta pweza chini ya jiwe hana habari na neva. Neva zina habari naye.

Sasa rudi kwenye chumba cha picha. Mgonjwa amelala chali, chumba kina baridi kwa ajili ya mashine, na ana hofu ya sindano. Baridi na hofu vyote viwili huamsha simpathetiki, na mishipa ya ngozi hujificha. Hapa ndipo fundi anapoanza kujulikana. Asiye fundi hutafuta mshipa kwa macho, akiona mstari wa kijani anachoma. Fundi huushusha mkono chini ya usawa wa moyo, hufunga mpira juu ya kiwiko, kisha hugusa kifundo kuhakikisha mapigo bado yapo. Mpira ukikazwa mpaka mapigo yakapotea, damu haiingii mkononi, na mshipa utajaa kwa kitu gani? Humwambia mgonjwa afunge na kufungua kiganja. Akiona bado, huweka kitambaa cha maji ya vuguvugu na kungoja. Halafu hufumba macho, au hutazama pembeni, na kuutafuta mshipa kwa ncha ya kidole: mshipa mzuri husukuma kidole kirudi, mshipa uliokufa ni mgumu na haujibu. Nimewaona wanaofanya hivi huku wakimuuliza mgonjwa habari za mwaka wa karafuu, na jibu halijamalizika kanyula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa, imekwisha kuingia.

Hatii dawa papo hapo. Kwanza hupitisha maji ya chumvi ya dripu, kidole kikiwa juu ya ngozi mbele ya sindano, asikilize kama panavimba. Dawa ya picha ikimwagika nje ya mshipa huunguza nyama, na ikiwa nyingi huacha kidonda. Chupa yenyewe imepashwa moto wa mwili, kwa sababu ikiwa baridi ni nzito na hupita kwa shida. Haya yote ni mambo ya dakika chache, na hakuna hata moja litakaloonekana kwenye picha.

Kisha anasema. Maneno haya ni sehemu ya ufundi sawa na sindano.

“Bi mkubwa, nikitia dawa utasikia joto shingoni, litashuka kifuani mpaka chini. Utadhani umejikojolea. Hujajikojolea, ni dawa tu, na haitafika dakika mbili litakuwa limeondoka.”

“Na nikisikia koo linabana, mwanangu?”

“Niambie hapo hapo. Usinionee haya.”

Wasomaji wa Pemba hawahitaji kuelezwa kwa nini sentensi ya kujikojolea ni lazima isemwe mapema. Mwanamke mtu mzima, amelala mbele ya vijana wasio wanawe, anapohisi maji ya moto katikati ya mapaja, hushtuka na kutaka kuinuka. Picha huharibika, na hilo ni dogo. Aibu ile humfunga mdomo, na mgonjwa aliyefungwa mdomo hatasema lolote hata koo likianza kubana kweli. Joto lenyewe ni mishipa ya damu iliyoachia mshiko baada ya kuguswa na dawa. Mishipa ikifunguka presha hushuka kidogo, vipimo vya shingoni hulalamika, na moyo hukimbia kufidia. Anayeshika kifundo huusikia mchezo wote huo: mapigo yalikuwa 76, yakapanda 90, yakakaa, yakaanza kurudi. Akisikia yanarudi, naye hushusha mabega.

Hutumia vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete. Dole gumba halitumiki, kwa kuwa lina mapigo yake na aliye na haraka hujihesabu mwenyewe.

Ukitaka kujua kwa nini vidole hivyo vina thamani, mtazame mgonjwa anayeishiwa nguvu baada ya sindano. Uso umepauka, jasho jembamba, presha imeporomoka. Kwa mtazamaji, kuzimia ni kuzimia. Kwa fundi, zipo njia mbili za kuanguka, na dawa zake hazifanani. Njia ya kwanza ni ya hofu. Vegasi imevuta hatamu kupita kiasi: moyo unakwenda polepole, mapigo 45 au chini ya hapo, na mishipa imeachia. Huyu hulazwa chali, miguu ikainuliwa juu, akazungumzwa naye, na mara nyingi rangi hurudi kabla hujamaliza kumwita jina. Akikawia, hutiwa atropini. Njia ya pili ni ya mzio mkali. Mishipa imefunguka kwa kemikali za mwili wenyewe, maji yanavuja nje ya damu, na neva zinapiga kelele kuurudisha mzunguko: mapigo ni 130, membamba, yanakatika chini ya kidole. Labda pana vipele kifuani, labda pumzi inapiga filimbi. Huyu hapewi muda. Anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, nusu miligramu kwa mtu mzima, na sasa hivi.

Polepole au mbio. Mashine ya presha peke yake haimwambii, kwa sababu kote kuwili itaandika namba ndogo. Kidole kimeshamwambia wakati mashine bado inavimba mkononi.

Hata hivyo kidole nacho hudanganywa, na fundi aliyekomaa anajua lini. Mgonjwa anayetumia vidonge kama propranololi au atenololi, moyo wake umezuiliwa kukimbia. Huyo anaweza kuwa katika mzio mkali na mapigo yake yakabaki ya kistaarabu. Kwa hiyo fundi husoma cheti kabla ya kugusa mkono. Huuliza pumu, huuliza figo, huuliza sukari na vidonge vyake, huuliza kama mgonjwa alipata kuchomwa dawa kama hii na ikawaje. Anayemwona akiuliza maswali yote hayo humwona mchelewaji. Foleni hunung'unika. Naye haiongezi kasi.

Ningeweza kuishia kwenye mikono, lakini ufundi huu umo pia ndani ya chupa, na hapo kuna mtu mmoja anayestahili kutajwa na wapenda bahari. Hadi miaka ya 1960 dawa za picha zilikuwa chumvi. Ndani ya maji, kila chembe ya chumvi hiyo hugawanyika mara mbili, nusu moja imebeba iodini na nusu ya pili haifanyi kazi yoyote ila kuongeza ukali. Nguvu yake ya kuvuta maji ilikuwa mara tano mpaka saba ya damu, zaidi ya maji ya bahari. Chembe nyekundu zilinyauka, maji yakavutwa kuingia kwenye mishipa, mishipa ikaachia, na dawa ilipotiwa kwenye mshipa mkubwa wa mguu wagonjwa walipiga mayowe. Madaktari walizoea. Walisema maumivu ni sehemu ya kipimo.

Torsten Almén, mtaalamu wa mionzi wa Malmö, Sweden, hakuzoea. Alikuwa anajua kitu ambacho kila mtoto wa pwani anakijua: maji ya bahari huchonyota macho. Lakini alikuwa amegundua pia kwamba hayachonyoti sawa. Kwenye bahari ya Baltiki, kusini mwa Sweden, ambako maji yana chumvi chache, gramu saba au nane kwa kilo, aliweza kuogelea macho wazi bila taabu. Pwani ya magharibi, kwenye chumvi kali, hakuweza. Machozi na damu vina chumvi kama gramu tisa. Bahari yetu ina 35, ndiyo maana mzamiaji wa Pemba asiye na miwani hutoka majini macho mekundu. Almén akajiuliza kama mayowe ya wagonjwa wake si jambo hilo hilo, limetokea ndani ya mshipa badala ya jichoni. Kama ndivyo, tatizo halikuwa iodini. Lilikuwa wingi wa chembe.

Alikwenda Philadelphia, Marekani, akatazama kwa hadubini mishipa ya bawa la popo. Bawa la popo ni ngozi nyembamba inayopitisha mwanga; mishipa huonekana ikibana na kuachia bila kupasua kitu, damu inakwenda na neva zimo kazini. Sisi wa Pemba tuna popo wetu mkubwa asiyepatikana kwingine duniani, na watalii hupelekwa Kidike kumwona ananing'inia. Popo wa Almén alikuwa mdogo na wa kawaida, lakini somo la bawa ni moja. Aliona kwa macho yake dawa za chumvi zinavyoisumbua mishipa. Akapendekeza dawa isiyogawanyika: ile sehemu ya chumvi iondolewe, mahali pake pawekwe viungo vinavyopenda maji, ili chembe moja nzima ibebe iodini zake tatu na ukali upungue kwa nusu. Hakuwa mkemia. Wazo lake lilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la biolojia ya nadharia, si la eksirei, na kampuni iliyokubali kulijaribu ilikuwa ya Oslo, Nyegaard. Dawa ya kwanza, metrizamidi, ilipatikana katikati ya miaka ya 1970. Ioheksoli ikafuata mwaka 1982, na leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Bado inazidi damu kwa ukali, mara mbili mpaka tatu kulingana na kiasi cha iodini, lakini mayowe yamekwisha. Bi mkubwa husikia joto tu.

Katika hadithi yote ya Almén hili ndilo ninalolipenda: alisikiliza malalamiko yaliyokuwa yamezoeleka. Wenzake walikuwa na vifaa vile vile na wagonjwa wale wale.

Kwetu, sindano hii ina historia ya pekee, nayo inapitia kichocho. Mayai ya mdudu wa kichocho hukwama kwenye ukuta wa kibofu na mwisho wa mirija ya mkojo. Kovu likifunga njia, mkojo hurudi nyuma, mrija hupanuka, figo huvimba, na mtoto anaendelea kucheza mpira kana kwamba hakuna kitu. Katika miaka ya 1960 njia ya kuliona jambo hilo ilikuwa dawa ya picha. Watafiti wawili, Forsyth na Macdonald, waliwapiga picha za njia ya mkojo wanafunzi wa skuli ya Usagara, Tanga, na kisha wa skuli ya Donge, Unguja, na taarifa zao zilitoka mwaka 1965 na 1966. Ziliwashtua wengi: watoto waliodhaniwa wana mkojo wa damu tu, ugonjwa wa kawaida wa mtoto wa shamba, walikuwa na mirija iliyopanuka na figo zilizoelemewa. Ni kazi kubwa. Lakini fikiria ilivyofanyika, kwa dawa kali za zama zile, kwenye mishipa midogo ya watoto wa skuli, mmoja baada ya mwingine. Kila filamu iliyosomeka ina mtu aliyeushika mkono wa mtoto mpaka joto likapita. Majina yao hayakuandikwa.

Pemba ikaja na sura nyingine ya hadithi. Mwaka 1986 ulianza mpango wa kudhibiti kichocho kisiwani kwa vidonge vya prazikwanteli, Wizara ya Afya ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani, na miongoni mwa walioufanyia kazi alikuwa Lorenzo Savioli wa Italia. Hapo figo za watu zikatazamwa kwa ultrasaundi. Jeli kidogo ubavuni, kifaa kinapita juu ya ngozi, na mrija uliopanuka unaonekana bila sindano, bila iodini, bila joto la kuaibisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Miaka kumi baadaye Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilifunguliwa Chake Chake, na tangu hapo utafiti mwingi wa kichocho na minyoo unaosomwa duniani umetoka katika kisiwa hiki ambacho wengi hukijua kwa karafuu tu.

Je, ultrasaundi imemwondoa fundi wangu? Haikumwondoa. Imemwongezea jambo moja la kujua: lini asichome. Kwa kichocho cha mtoto, ultrasaundi na kipimo cha mkojo vinatosha, na anayetaka kuchoma dawa pale ana kazi ya kueleza sababu. Kwa ajali ya bodaboda iliyopasua ini, kwa uvimbe unaotafutwa mpaka wake, kwa mshipa wa mapafu ulioziba kwa bonge la damu, dawa ya picha bado haina mbadala mwepesi, na huko ndiko siti skani inakotegemea vidole vile vile. Mashine mpya hutia dawa kwa pampu, kwa kasi ambayo mkono hauwezi, mililita nne au tano kwa sekunde. Pampu inajua kusukuma. Kanyula ikiwa mahali pabaya itasukuma vile vile, na kwa sababu hiyo yule aliyekagua mshipa kwa maji ya dripu na kidole chake ni muhimu leo kuliko zama za sindano ya mkono.

Ningependa wakuu wa afya Unguja na Pemba wamfikirie mtu huyu wanapopanga bajeti. Mashine ikinunuliwa, inunuliwe na mafunzo ya wanaoshika mikono, na adrenalini iwemo ndani ya chumba chenyewe, kwenye kisanduku kisichofungwa kwa ufunguo ambao mwenyewe amekwenda sala ya Ijumaa. Hilo ni jambo dogo kwa fedha na kubwa kwa roho za watu.

Na wewe msomaji, ukiandikiwa kipimo cha namna hii, msaidie. Mwambie kama una pumu, kama figo zimewahi kusumbua, kama unatumia metformini ya sukari au vidonge vya presha, na uvitaje kwa jina au uende navyo mfukoni. Kunywa maji vya kutosha kama hukukatazwa; ukiwa umefunga, mwulize daktari mapema kama kipimo kinaweza kungoja. Ukimaliza usikimbilie daladala: mizio mingi mikali hujitokeza ndani ya dakika 20 za mwanzo, kwa hiyo kaa nusu saa karibu na waliokuchoma, kanyula ikiwa bado mkononi. Na kama uliwahi kuvimba uso au kubanwa na pumzi baada ya sindano ya picha, liandikishe jina la dawa hiyo kwenye cheti chako, na uende na cheti hicho kila hospitali utakayoingia.